Laana Lazima Iwe na Hesabu: Mwongozo wa Kuipima Ngano Iliyosimuliwa Upya

Ngano za kale zina soko tena. Waandishi vijana wanachukua hadithi walizosimuliwa na bibi zao, wanazihamishia katika zama za misafara ya pembe za ndovu, za Mjerumani au za Operesheni Vijiji, wanaongeza laana inayouandama ukoo mzima, kisha wanaacha miujiza itembee mchana kweupe. Wahakiki wanaiita mbinu hiyo uhalisia mazingaombwe. Ukiipata kazi nzuri ya aina hiyo, utakesha nayo. Lakini zilizo mbovu ni nyingi, na zinahadaa kwa urahisi, maana mzimu na damu huvuta macho hata pale ambapo hadithi yenyewe ni tupu.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kuchagua vizuri, mwalimu wa fasihi, mhariri, na mwandishi anayetaka kujipima mwenyewe kabla ya kupimwa na wengine. Nauandikia Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, na mifano yangu mingi nitaitoa hapa na jirani. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kujifunzia sikio. Wanyiramba na Wanisanzu wanazungumza lugha za Kibantu. Wataturu wafugaji wana lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa Munguli wana lugha yao ya vidoko. Ukisogea upande wa Mbulu unawakuta Wairaqw, ambao ni Wakushi. Ngano inayosimuliwa hapa imekwisha kupita katika vinywa vya watu wasiofanana kwa asili wala kwa riziki, na kila mmoja ameinyoa kidogo na kuiongeza kidogo. Kwa hiyo suala la kusimulia upya si geni kwetu. Geni ni uzembe wa kusimulia bila kujua unachokishika.

Msimamo wangu nauweka mapema. Laana katika hadithi ni deni. Ina aliyekosa, ina aliyedhulumiwa, ina njia inayopitia kutoka kizazi hadi kizazi, na ina namna ya kulipwa. Mwandishi anayeweza kuionyesha hesabu hiyo yote ndani ya historia ya kweli amefanya kazi. Asiyeweza amepiga kelele tu. Vigezo vyote vinavyofuata vinatoka hapo.

1. Tafuta kosa, na ulitake liwe dogo

Fungua kitabu na ujiulize: nani alimkosea nani, wapi, msimu gani? Kama umefika robo ya kitabu na bado laana ni wingu tu juu ya familia, kuwa na mashaka. Laana isiyo na kosa ni mkosi, na mkosi hauna hadithi ndani yake.

Mfano bora katika Afrika Mashariki ni riwaya ya *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, iliyoshinda shindano la miswada la Kwani na kuchapwa Nairobi mwaka 2014. Mwaka 1750 gavana wa Buddu, Kintu Kidda, yuko safarini kwenda kumwona kabaka mpya. Amefuatana na Kalema, mtoto aliyemlea kama wake. Njiani kijana anakunywa maji katika kibuyu cha gavana. Kintu anampiga kofi. Kijana anaanguka na kufa.

Tazama ukubwa wa tendo hilo. Ni kofi moja la baba anayemrudi mtoto, katika jamii ambayo mzazi kumpiga mtoto halikuwa jambo la kushangaza mtu. Hakuna panga, hakuna njama. Kosa linakua kwa yale yanayofuata: kijana anazikwa kwa haraka bila heshima, na ukweli unafichwa kwa Ntwire, baba aliyemzaa, mgeni aliyemkabidhi mwanawe kwa watu wenye nguvu. Ntwire anapobaini, analaani. Miaka 250 baadaye, Kampala ya mwaka 2004, wajukuu wa Kintu bado wanakufa vifo vya ghafla, wanapata wazimu, wanajinyonga. Riwaya inaanza na mmoja wao akiuawa na umati unaopiga kelele za mwizi.

Kosa dogo lililofichwa lina uzito kuliko unyama mkubwa uliotangazwa, kwa sababu msomaji anajiona ndani yake. Nani hajampiga mtoto kwa hasira? Mwandishi dhaifu humpa babu dhambi kubwa mno, kama kumuuza ndugu au kumtoa kafara mwana, na matokeo yake tunamhukumu babu na kuendelea na shughuli zetu. Mwandishi hodari hutufanya tukubali kwamba sisi pia tungekosea, tena siku ileile, kwa sababu ileile.

2. Ifuatilie laana katika ukoo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoanguka, na ni kigezo ambacho msomaji wa kawaida hakitumii. Laana hupita kwa nani?

Wanisanzu huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana mamlaka ambayo baba hana. Wanyaturu, mwendo mfupi tu kusini kwetu, huhesabu kwa upande wa baba. Kwa hiyo mwandishi anayeweka hadithi yake Isanzu ya zamani, kisha akaitembeza laana kutoka baba kwenda mwana kwenda mjukuu wa kiume, amebeba ramani ya nyumba nyingine. Katika ukoo wa mama, kosa la mwanamume lingewaangukia watoto wa dada yake. Wanawe mwenyewe wangekuwa watu wa ukoo mwingine.

Ona jinsi jambo hilo moja linavyofungua hadithi. Mjomba anakosa, na wapwa wanalipa. Mtoto wa mkosaji anakaa mlangoni akiwatazama binamu zake wakizikwa, naye hana hata homa. Hapo kuna uchungu na hatia ambayo hakuna mwandishi anayeweza kuiokota katika vitabu vya Ulaya, kwa kuwa haimo. Pia panapatikana mvutano wa kihistoria wa kweli, maana dini mpya, shule, mahakama na urithi wa mashamba vimezisogeza familia nyingi kuelekea upande wa baba. Laana iliyozaliwa katika utaratibu wa zamani itampata nani katika utaratibu mpya? Mwandishi atakayelijibu swali hilo kwa hadithi nzuri nitamnunulia wino.

Kwa hiyo unaposoma, chora ukoo pembeni mwa ukurasa. Weka alama kwa kila anayedhurika. Kama alama zinafuata njia inayoeleweka kwa watu wa mahali pale, endelea kusoma. Kama zinaruka ovyo kumfuata yeyote ambaye mwandishi anataka afe katika sura hiyo, rudisha kitabu.

3. Muujiza uwe mwenyeji

Gabriel García Márquez, aliyechapisha *Miaka Mia ya Upweke* kwa Kihispania mwaka 1967, alieleza kwamba sauti ya riwaya hiyo aliipata kwa bibi yake, aliyekuwa akisimulia maajabu kwa uso mkavu, kana kwamba anaeleza bei ya sokoni. Watu wengi wameiga maajabu wakauacha uso mkavu. Muujiza ukitangazwa kwa ngurumo na msisimko umeshakufa. Muujiza wa kweli katika sanaa hii huingia kwa mlango uleule wanaotumia watu.

Lakini uso mkavu hautoshi. Muujiza lazima uwe umezaliwa katika udongo wa pale. Singida ina mfano mzuri kabisa: Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yanasema aliwatuma nyuki. Jina lake leo liko kwenye uwanja wa mpira wa miguu mjini Singida, na kila mtoto wa mkoa huu amesikia habari za nyuki wale.

Mwandishi akitaka kuisimulia upya habari hiyo, kwanza ajue nyuki. Ajue mzinga wa gogo unavyochongwa na kutundikwa juu ya mti mbali na njia ya watu. Ajue kwamba mrinaji hupanda usiku akiwa na kienge cha moshi, kwa kuwa mchana wa kiangazi nyuki wa kwetu hawana msamaha. Ajue kwamba nyuki mmoja akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, na ndiyo maana aliyechomwa mara moja huchomwa mara mia. Ajue wanavyofuata jasho na pumzi ya mtu anayekimbia. Baada ya hapo, akiniambia kwamba Liti alinong'ona na mizinga yote ya bonde ikafunguka, nitaamini, kwa sababu nyuki wa ukurasa uliotangulia walikuwa nyuki wa kweli. Muujiza umeongeza hatua moja tu juu ya jambo ninalolijua. Mwandishi anayeruka moja kwa moja kwenye "kundi jeusi lililofunika jua" hajanipa mahali pa kuweka mguu.

Kigezo hiki kina nusu ya pili: muujiza uwe na kanuni. Chukua mvua. Nchi yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukikosea msimu huo umekosea mwaka. Wanisanzu wana mapokeo mazito ya utemi wa mvua yenye makao Kirumi, chini ya ukoo wa Anyampanda. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliyaandikia kitabu kizima mwaka 2008. Jambo linalovutia katika mapokeo hayo ni kwamba mvua haikuwa ya mtu mmoja mwenye uwezo. Ilihitaji mtawala wa kiume na mtawala wa kike wakiwa pamoja, pande mbili zinazokamilishana. Hiyo ni kanuni, na kanuni huzaa visa. Wawili hao wakigombana? Mmoja akiitwa na serikali akachelewa kurudi? Mmoja akibatizwa akakataa kutambika? Hadithi tatu zimeshajileta zenyewe. Mwandishi anayeweka "mganga mwenye nguvu za kuleta mvua" na kumwachia afanye apendavyo ameutupa utajiri wote huo.

4. Kagua tarehe, na kagua chungu

Ngano inasema "hapo zamani za kale" na hakuna wa kuidai mwaka. Mwandishi anayeiingiza katika historia amejifunga mwenyewe, na msomaji ana haki ya kukagua.

Baadhi ya alama za kushika kwa eneo hili ni hizi. Sotoka iliyofagia ng'ombe Afrika Mashariki ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kodi ya nyumba ya Mjerumani ilianza mwaka 1898. Mkalama palikuwa na boma la Mjerumani, na mwanajiografia Erich Obst alitokea hapo kwenda kwa Wahadzabe, akachapisha taarifa ya safari hiyo mwaka 1912. Sheria ya Uchawi ilitungwa na Waingereza mwaka 1928, na bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania. Utemi ulifutwa na serikali katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Operesheni Vijiji ilihamisha watu kati ya mwaka 1973 na 1976.

Kila alama kati ya hizo ni mlango wa laana inayoaminika. Familia iliyouza binti kwa mtama wakati ng'ombe wote wamekufa kwa sotoka ina deni. Shahidi aliyemtaja jirani yake mbele ya bwana shauri kwa Sheria ya Uchawi, kisha akalichukua shamba lake, ana deni. Waliobomolewa nyumba katika operesheni wakaacha makaburi ya wazee kwenye mahame wana deni la namna nyingine, kwa kuwa hawakukosa wao, nao ndio wanaoota ndoto. Hilo la mwisho linanigusa sana. Mahame yapo mengi katika wilaya hii, na ukipita msimu wa mvua utayatambua kwa majani yanayostawi kuliko ya jirani, pale palipokuwa na zizi. Riwaya kubwa ya laana ya mahame bado haijaandikwa, na waliohamishwa wakiwa watu wazima wanazidi kupungua.

Chungu nacho kikaguliwe. Ukiona mashamba ya alizeti katika sura ya mwaka 1870, mwandishi ameangalia Singida ya leo kupitia dirisha la basi. Watu walikula ugali wa mtama na uwele, kwa mlenda. Kipimo cha juu kabisa cha uhai wa namna hii katika fasihi yetu ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mswada wake wa Kikerewe mwaka 1945 na ambaye tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, ilitoka mwaka 1980. Humo kila chakula, kila dawa, kila salamu ina mahali pake. Mapokeo ya Wanisanzu yanasema wazee wao walitoka Ukerewe, kwa hiyo mwandishi wa huku akimsoma Kitereza anasoma habari za jamaa.

5. Shaka ibaki hai

Kati ya mwaka 1946 na 1948, Wilaya ya Singida ilikumbwa na vifo vya kutisha. Watu waliuawa kwa namna iliyoonekana kama shambulio la simba, na serikali ya Kiingereza ikasema wauaji walikuwa binadamu waliovaa ngozi na kutumia makucha. Watu walishtakiwa, wengine wakanyongwa. Dunia ikaisoma habari hiyo kama habari ya "watu-simba wa Singida". Baadaye, mwaka 1962, Harold Schneider aliyewachunguza Wanyaturu aliandika kulitazama upya jambo hilo.

Mwandishi wa ngano ya kihistoria hapati zawadi kubwa kuliko hiyo, wala hapati mtego mkubwa zaidi. Ngano ya mtu anayegeuka simba ni ya kale. Kesi ni ya kweli. Waliokufa ni wa kweli, na wajukuu zao wapo. Kazi nzuri itashika mambo yote kwa pamoja: kwamba palikuwa na hofu, palikuwa na visasi na mali, palikuwa na simba kweli porini, palikuwa na mahakama inayosikiliza kwa mkalimani, na palikuwa na watu walioamini kwa moyo wote kwamba jirani yao anaweza kutumwa akiwa na makucha. Mwandishi akishaamua kwamba "walikuwa wauaji wa kawaida tu", ameandika ripoti ya polisi. Akishaamua kwamba "waligeuka simba kweli", ameandika sinema ya kutisha. Ubora upo katika kuzilisha njia zote mbili hadi ukurasa wa mwisho, ili msomaji abaki na swali lililowakabili majirani wa mwaka 1947: nifunge mlango dhidi ya nani?

Ebrahim Hussein alilielewa hili katika tamthilia ya *Mashetani* ya mwaka 1971. Vijana wawili wanacheza mchezo wa shetani na binadamu, na nyuma yao kuna Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba zilizopotea na chuki za wazee zinazorithiwa na vijana. Shetani ni wa kweli? Ni mchezo? Ni ugonjwa? Hussein hakutuokoa, na ndiyo maana tamthilia bado inasomwa.

6. Isikilize kwa sikio

Soma ukurasa mmoja kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu mzima aliyekulia kwenye ngano. Ngano ina mifupa: jambo linalorudiwa, wimbo unaoitikiwa, namba inayopanda. Ukiing'oa mifupa hiyo ili kitabu kionekane cha kisasa, kinachobaki hakisimami.

Angalia hadithi ya Sultani Majnuni, iliyosimuliwa Zanzibar na kuchapwa na Edward Steere mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anakula mfugo, watu wanalalamika. Sultani anasema paka ni wake na mfugo ni wake. Paka anahamia kwa mbuzi, jibu ni lilelile. Anahamia kwa ng'ombe, kwa watu, hadi kwa watoto wa sultani mwenyewe, na wakati huo si paka tena, amekuwa nunda mla watu. Mwana wa mwisho, ambaye hakuna aliyemtegemea, anaingia porini kumtafuta. Kila anapoua mnyama anamletea mama yake na kumwimbia, na mama anamwitikia kwa wimbo kwamba huyu siye.

Hebu fikiria mwandishi akiihamishia hadithi hiyo Mkalama ya enzi za Mjerumani. Sultani awe jumbe anayekusanya kodi. Kila malalamiko yanapofika, jumbe ajibu vilevile, neno kwa neno, kwa kuwa ndilo jibu ambalo mwenye boma humpa yeye. Marudio ambayo katika ngano yalikuwa ya kuchekesha yanageuka ya kutisha, na laana inajijenga mbele ya macho yetu bila mzimu hata mmoja. Mfugo wa leo ni mtoto wa kesho. Hapo mwandishi ameheshimu mifupa na kuipa nyama ya historia. Akiyafuta marudio kwa kuona yanachosha, amefuta mashine yenyewe.

Wa kwetu nao wana hazina. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili sanifu, alichapisha ngano za Kinyiramba mwaka 1931. Ludwig Kohl-Larsen alikusanya ngano pande za Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930, na vitabu vyake vikatoka kwa Kijerumani, kimojawapo mwaka 1963 kikibeba jina la zimwi la boga. Boga linalomeza kijiji kizima, na mtoto mmoja aliyebaki analipasua, ni ngano ya Afrika Mashariki yote. Mwandishi makini atajua toleo analolisimulia upya limetoka kwa nani, na atalilinganisha na linalosimuliwa leo jioni nyumbani kwao.

7. Tazama laana inamwangukia nani

Hiki ni kigezo cha ufundi na cha utu kwa pamoja. Kanda ya Ziwa na mikoa ya kati, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo umetokana na miaka mingi ya kupika kwa moshi wa kuni na samadi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya uongo kuhusu viungo vyao. Katika nchi hii hadithi ya uchawi haijawahi kuwa hadithi tu.

Kwa hiyo ukiona kitabu ambacho laana yote inaishia kwa kikongwe mwenye macho mekundu anayeishi peke yake, kifunge. Kimeshindwa kimaadili, na kimeshindwa kisanaa pia, kwa kuwa kimechukua jibu lililokuwa tayari mdomoni mwa umati. Laana nzuri huelekea juu. Humtafuta aliyekuwa na uwezo wa kutenda haki akakataa. Humtafuta Kintu gavana, sultani mwenye paka, jumbe, mrithi wa shamba. Said Ahmed Mohamed katika *Babu Alipofufuka* (2001) anamtoa babu kaburini aje kumkabili mjukuu aliyeshika madaraka na kuisaliti nchi. Mzimu huyo anajua mlango wa kubisha.

8. Deni linalipwaje?

Mwisho ndio unaotenganisha fundi na mwanafunzi. Shujaa kumuua mchawi na mvua kunyesha ni mwisho wa bei rahisi. Kugundua kwamba laana ilikuwa "imani tu" ni rahisi zaidi, na ni dharau kwa wahusika walioteseka kurasa mia tatu.

Katika mila zetu deni la namna hii hulipwa kwa mambo yanayojulikana: watu wa ukoo wanaitana, kosa linatajwa kwa jina mbele ya wote, aliyedhulumiwa anapewa kilicho chake, na panafanyika tambiko. Sehemu ngumu ni kutaja. Watu watachangia mbuzi haraka kuliko watakavyotamka kilichofanywa na babu. Mwandishi anayeijua sehemu hiyo ataipa sura nzima, na ataukabili ukweli kwamba kuna waliokwisha kufa ambao hakuna tambiko litakalowarudisha. *Kintu* inawakusanya wajukuu katika nchi ya babu yao, na haimtoi kila mmoja akiwa mzima. Shaaban Robert naye, katika *Adili na Nduguze* (1952), anawageuza ndugu wawili wenye husuda kuwa manyani na kumpa ndugu yao waliyemdhulumu kazi ya kuwachapa kila usiku. Adhabu hiyo inamwumiza mwenye kuitoa, na hapo ndipo hadithi inapopata uzito wake.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Ukiwa umesimama mbele ya rafu na huna muda, jiulize haya. Nani alikosewa, na jina lake limetajwa? Laana inapita kwa baba au kwa mama, na watu wa pale wangekubali? Muujiza umetanguliwa na jambo la kweli ambalo mwandishi analijua kwa mikono yake? Chakula kilichoko mezani kilikuwepo mwaka huo? Mzigo umetupwa kwa mnyonge? Mwisho umemgharimu mtu? Majibu manne mazuri yanatosha kununua. Sita yakiwa mazuri, nunua nakala mbili na moja uipeleke shule.

Kwa anayetaka pa kuanzia, mpangilio wangu ni huu: *Adili na Nduguze* kwanza, kisha Kitereza, kisha *Babu Alipofufuka*. Anayesoma Kiingereza aongeze *Kintu*, na *The House of Rust* (2021) ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, ambamo binti anakwenda baharini kumtafuta baba yake katika mashua ya mifupa akiongozwa na paka anayezungumza. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022, itamwonyesha jinsi kisa cha Nabii Yusuf kinavyoweza kuvaa zama za Mjerumani bila kushonwa upya kwa nguvu.

Na kwa mwandishi wa Mkalama, Iramba, Singida au popote penye mahame: kabla hujaandika mzimu wa kwanza, nenda kwa mtu wa umri mkubwa katika ukoo wako, keti, na umuulize ni deni gani nyumba yenu haijalilipa. Usikate kauli yake. Andika anachosema, na uandike pia pale anaponyamaza.